Karani na Bubu

Dar es Salaam
2 Septemba 2015

Mzee Mudathir, shikamoo.

Ni Asnath, yule mhandisi uliyemtengenezea mita mwezi uliopita kibandani kwako Rusimbi, ukakataa malipo kwa maelezo kwamba mita ilikuwa nzima, ila mwenye mita alikuwa ameweka betri kichwa chini. Sijawaambia wenzangu ofisini.

Nina kazi nataka unisaidie. Ile kambi ya mpito ya wakimbizi wa Burundi, ufukweni kaskazini mwa mji, inakunywa maji ya ziwa. Pampu inayapandisha hadi kwenye tangi, na juu ya tangi kuna pipa la klorini linalodondosha dawa kidogo kidogo. Dawa ikiisha bila mtu kujua, watu elfu tatu wanakunywa ziwa kama lilivyo. Kipindupindu cha Mei unakikumbuka kuliko mimi. Shirika linalohudumia kambi limetupa kazi ya kutengeneza kifaa cha kulilinda lile pipa, kitume ujumbe wa simu kabla dawa haijaisha.

Humu ndani ya boksi nimekuwekea bodi mbili. Moja ni kompyuta kamili, ingawa haizidi kitambulisho cha kupigia kura. Ina mfumo wake, inaandika kumbukumbu kwenye memori kadi, inachora na grafu. Nyingine ni chipu tu, inajua jambo moja, na ukiiruhusu inalala. Lazima nichague moja. Kaa nazo wiki mbili, kisha niandikie ukweli. Wewe ndiye unayejua umeme wa huko na watu wa huko. Andika kwa karatasi tafadhali. Ofisi yetu haiamini kitu kisichoweza kuwekwa kwenye faili.

Wako,
Asnath


Rusimbi, Ujiji
20 Septemba 2015

Mhandisi Asnath, marahaba.

Karatasi hainisumbui. Simu naziponya kila siku, ndiyo maana siziamini. Boksi lilifika salama; kondakta alilisafirisha chini ya kiti chake pamoja na kuku, na kuku naye alifika salama.

Wageni wako nimewapa majina, kwa sababu ni vigumu kugombana na kitu kisicho na jina. Kompyuta ni Karani. Chipu ni Bubu.

Karani ni msomi. Ukimwasha anatumia karibu dakika nzima kujitayarisha, kama ofisa aliyefika kazini na sasa anatafuta miwani. Baada ya hapo anakula. Akiwa na kazi anakula, akiwa hana kazi anakula vilevile. Nimempima kwa mita yangu, ambayo betri yake imekaa sawa. Ili aishi siku tatu bila jua anataka betri kama ya gari na paneli pana kama mlango. Na kila anachokiona anakiandika. Siku ya nne umeme ulikatika akiwa katikati ya sentensi. Uliporudi hakukumbuka hata yeye ni nani. Nilishinda siku nzima nikimpakia kichwa upya.

Bubu nimemkatia umeme makusudi mara hamsini. Kila mara anarudi kama mtu aliyepiga chafya. Anaamka kila baada ya dakika kumi, anachungulia pipa, analala. Paneli yake ni ya ukubwa wa daftari. Grafu hajui. Kwa kweli hajui lolote, isipokuwa kama dawa ipo au haipo.

Chukua Bubu. Umeme ni sababu ndogo. Sababu kubwa ni watu. Paneli ya daftari hakuna atakayeitazama mara mbili. Lakini paneli ya mlango, kwenye kambi ambayo kila mtu ana simu na hakuna mwenye mahali pa kuichaji, hiyo ni tangazo. Wiki ya pili utakuta nyaya.

Ni mimi,
Fundi Mudathir Gharib
Shule yangu ni redio za watu, zilizokuwa zikiletwa zikiwa zimekufa


Dar es Salaam
9 Oktoba 2015

Mzee wangu, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na ya tatu nilicheka peke yangu kwenye basi. Lakini imekuwa Karani. Wafadhili wanataka grafu, na uamuzi umetoka juu. Sikuwa na la kufanya.

Naleta boksi kubwa, paneli na betri. Nakuomba ukafunge wewe, maana mwingine wa kumwamini huko sina. Mtandao wa pale ufukweni ni dhaifu: ujumbe mfupi utapita, lakini kumbukumbu hazitapita, zitabaki kwenye memori kadi na tutaichukua kila baada ya miezi mitatu. Boksi lina kufuli, na ufunguo ni mmoja, utakuwa kwako.

Jambo moja nalisisitiza. Kitu kingine kisiunganishwe kwenye betri ile, hata kwa dakika tano. Hesabu yake imebana.

Asnath


Rusimbi, Ujiji
30 Oktoba 2015

Mhandisi, marahaba.

Karani yuko kazini. Nimemfunga juu ya tangi, paneli inatazama kaskazini kama ulivyoelekeza.

Mlinzi wa tangi anaitwa Nikodemu, Mha wa Kalinzi, mtu wa maneno machache na mikono mirefu. Mpaka juzi kazi yake ilikuwa kupanda ngazi kila asubuhi na kuchovya fimbo kwenye pipa. Fimbo ameikata alama kwa kisu: hapa sawa, hapa omba dawa, hapa kimbia. Anasema hajaruka hata siku moja. Tulipomjaribu Karani kwa kupunguza dawa, ujumbe uliingia kwenye simu ya Nikodemu kabla sijashuka ngazi. Alimwonyesha kila aliyepita, utadhani amepongezwa na serikali. Akaniuliza kama fimbo sasa aitupe. Nilimwambia asiitupe, na hakuitupa. Nimeona ameisimika kwenye bustani yake, inashikilia nyanya.

Watu walikusanyika wakati nafunga paneli. Mwanamke mmoja, Melania wa Rumonge, mtoto wake Agnesi mgongoni, aliuliza kama sola ile inaweza kumtilia moto kwenye simu. Mume wake, Martini, alibaki ng'ambo akitafuta mtumbwi wa kuvukia, na humpigia akipata nafasi. Simu yake ilikuwa imezimika siku ya nne. Nilimweleza kwamba huo ni umeme wa dawa, si wa simu. Akasema, sawa muzee, akabaki amesimama. Hakuwa peke yake aliyebaki amesimama.

Kazi imekamilika. Ufunguo ninao.

Mudathir


Dar es Salaam
30 Novemba 2015

Mzee Mudathir, shikamoo.

Nimepigiwa simu leo kutoka kambini. Kwanza waliniambia wamekufa kumi na mmoja, kisha mwingine akachukua simu akasema kumi na wanne. Wanasema dawa ilikuwa imeisha siku tano bila mtu kujua. Nikodemu anasema hakupata ujumbe wowote.

Simu yako haipatikani. Naomba unijibu kitu kimoja: kifaa kilikuwa hai, au kilikuwa kimekufa?

Asnath


Rusimbi, Ujiji
7 Desemba 2015

Mhandisi, marahaba.

Kilikuwa kimekufa. Mvua ilishika siku nne bila jua, betri ikakauka, Karani akazima tarehe 17 Novemba. Tarehe 19 dawa ikaisha.

Nikodemu hakupanda ngazi kwa sababu simu yake haikulia. Usimlaumu peke yake. Mimi nilipita pale barabarani tarehe 20, nikamsalimia, nikamuuliza habari za pipa, akasema kimya, nikasema vizuri. Tumetengeneza kifaa kinachosema pakiwa na ubaya tu. Kikifa, kinafanana kabisa na kifaa chenye habari njema.

Ni kumi na wanne kweli. Tisa ni watoto wadogo. Agnesi wa Melania yumo. Wamezikwa upande wa juu wa kambi, kwenye udongo mwekundu, na mvua inaendelea, kwa hiyo kila asubuhi watu wanapanda na majembe kurudisha udongo mahali pake.

Nikodemu amefukuzwa. Amerudi Kalinzi.

Nilikuandikia Septemba kwamba Karani ni mlafi. Sina la kuongeza.

Mudathir


Dar es Salaam
17 Desemba 2015

Mzee wangu, shikamoo.

Uliponiandikia kwamba huna la kuongeza, nilijua umenihurumia. Sistahili. Acha nikueleze.

Uamuzi haukutoka juu. Kikao kiliniuliza mimi: mhandisi, ipi? Barua yako ilikuwa kwenye mkoba wangu na sikuitoa. Niliona aibu kwamba ningeulizwa huyo Mudathir ni nani, amesoma wapi. Nikajua pia kwamba tukiwaonyesha grafu nzuri watatupa kazi ya kambi nyingine nne. Nikasema Karani. Nilikudanganya wewe ili unifungie kazi niliyojua huipendi.

Tarehe 12 Januari kuna kikao cha uchunguzi. Nitasaini maelezo kwamba watu kumi na wanne wamekufa kwa chaguo langu. Wakinipeleka mahakamani sitabisha.

Lakini kuna kitu sikielewi. Betri ile nilipigia hesabu ya siku tatu bila jua, na nikaongeza akiba. Nimeomba taarifa za hali ya hewa za Kigoma, zinaonyesha mawingu mazito siku mbili tu, si nne. Kwa siku mbili Karani hakupaswa kufa. Mahali fulani nimekosea kuzidisha. Nimeirudia hesabu mpaka namba zimebaki kama michoro tu, na kosa silioni.

Nitumie memori kadi, Mzee. Karani alikuwa anaandika hali ya betri kila dakika. Nataka nilione kosa langu kwa macho kabla ya kulisaini.

Asnath


Rusimbi, Ujiji
29 Desemba 2015

Asnath mwanangu, marahaba.

Kosa lako la hesabu halipo. Acha kulitafuta.

Memori kadi iko ndani ya kiberiti kilichofungwa na barua hii. Kabla ya kuifunga nilikaa nayo mezani siku sita. Kuiharibu ni kazi ya kufumba na kufumbua, na nilishaandika kwa mkono wangu kwamba Karani akikatiwa umeme husahau. Hakuna ambaye angeuliza. Wateja walikuja, nikatengeneza simu tatu na redio ya mganga mmoja, na kadi ipo pale pembeni ya mkono. Sikuivunja, lakini usinisifu kwa hilo. Siku sita ni nyingi.

Utakachokiona humo ni hiki. Siku nne baada ya kukuandikia kwamba nimemkatalia Melania, alinifuata dukani. Saa tatu kwa miguu, bila kibali cha kutoka kambini, mtoto mgongoni. Nilimchajia. Kesho yake akarudi na simu tano za wenzake. Nikaona upuuzi ulioje, mwanamke anatembea nusu siku kufuata moto ulioko juu ya kichwa chake. Ufunguo ninao mimi. Nilipiga hesabu na mimi, kwa maana nilijiona naweza: simu sita, kuanzia saa nne hadi saa nane mchana, jua likiwepo. Ilitosha. Nikafungua boksi nikaweka matundu sita ya kuchajia, nikamwambia Nikodemu sita, wasizidi.

Alisimamia vizuri siku tano hivi. Lakini kambi ile ina walimu, maseremala, mafundi baiskeli, watu wenye akili na mikono isiyo na kazi. Tundu moja walilizalisha yakawa manne. Nikodemu alihesabu simu hadi arobaini akaacha kuhesabu. Tarehe 14 Novemba nilikwenda nikaona mwenyewe. Nilipaswa kukata pale pale. Kulikuwa na mwanamume anazungumza na mama yake aliyebaki Makamba, na watu waliokuwa kwenye foleni walikuwa wamesogea mbali kidogo ili amsikie vizuri. Nikageuka nikaondoka. Nilijiambia nitarudi Jumatatu na kile kifaa cha kukata umeme betri ikishuka. Ninacho dukani, kipo hata sasa. Jumatatu ilikuwa harusi ya mpwa wangu, nikasema Alhamisi.

Mvua ilinyesha siku mbili. Nne niliziandika mimi.

Watu walipoanza kuugua, kabla wachunguzi hawajafika, nilipanda nikang'oa matundu. Nikodemu aliniona. Hakusema, hata walipomfukuza, kwa kuogopa kwamba akizitaja simu na yeye atafungwa. Nimemwandikia kwamba sasa aseme.

Na ile barua ya tarehe 7. Kwamba Karani ni mlafi si uongo. Kudanganya ni rahisi kwa mtu aliyewahi kuwa sahihi. Anarudia tu maneno yake ya kwanza, na wenzake wanakubali kwa heshima. Uliponiandikia kwamba unabeba watu kumi na wanne, nilisoma, nikaikunja, nikaenda kula.

Martini alipiga tarehe 16 Novemba. Simu ya Melania ilikuwa imejaa. Melania alimwelekeza mumewe wapi ashukie na amtafute nani. Alifika salama tarehe 25. Mtoto alikuwa amezikwa juzi yake.

Barua hii isome kwenye kikao. Sahihi ni yangu, na anwani ninayo moja tu.

Mudathir Gharib


Dar es Salaam
15 Januari 2016

Mzee Mudathir,

Niliisoma barua yako kikaoni, nikaisoma na ile ya Septemba. Kisha wakaweka memori kadi kwenye skrini, wakapata ile grafu waliyokuwa wakiitaka. Ni nzuri. Kuanzia tarehe 5 Novemba, kila siku saa nne asubuhi mstari unashuka, alasiri unainuka, kila siku unainuka pungufu ya jana. Tarehe 17 saa nane na dakika sita mchana unakatika.

Mimi nimeachishwa kazi. Si kwa kuchagua Karani, ni kwa kuificha barua yako. Jalada lako limepelekwa polisi, watakuita. Nikodemu nimemwombea arudishwe, wamesema watafikiri.

Kwa matangi ya zile kambi nyingine wamechagua Bubu. Kabla sijakabidhi meza niliandika sharti moja: kila asubuhi atume ujumbe hata kama dawa ipo. Siku asiyotuma, mtu apande ngazi. Hilo lilihitaji mistari minne tu ya maelekezo kwenye chipu. Tungeweza kuiandika hata kwenye Karani, na hatukuiwazia, si mimi wala wewe.

Kwa mwezi mzima niliamini nimeua watu kwa kuzidisha vibaya. Wewe ulijua kwamba naamini hivyo.

Nina swali ambalo kikao hakikuuliza. Mama yake Agnesi anajua?

Asnath


Rusimbi, Ujiji
27 Januari 2016

Asnath,

Barua yako haikuwa na shikamoo. Marahaba hata hivyo.

Alikuwa hajui. Polisi wananitaka keshokutwa saa mbili, kwa hiyo nilikwenda kambini leo.

Niliwakuta nje ya hema, Melania na Martini, wanamenya mihogo. Sikukaa. Niliwaambia yote kwa mpangilio: kufuli, matundu, tarehe 14, harusi, na jinsi nilivyong'oa nyaya. Pale Kiswahili changu kilipompita Melania, Martini alimgeuzia kwa Kirundi, na kwa hiyo mengine aliyasikia kwa mdomo wa mumewe. Nilipomaliza Martini aliinuka na kile kisu cha mihogo. Nilisimama tu. Alikiweka juu ya ndoo, akazunguka nyuma ya hema, hakurudi.

Melania aliniuliza, "Ungetunyima moto, huyu angefika?"

Nikamwambia sijui.

"Na mtoto?"

Nikamwambia mtoto angekuwepo.

Alimenya muhogo mmoja hadi mwisho, polepole, bila kukata ganda. Kisha akaingia hemani. Nilidhani ndiyo ruhusa ya kuondoka, nikageuka. Akatoka na simu. Ilikuwa imezima. Akaeleza kwamba mama mkwe wake, kule Rumonge, hajaambiwa. Kila anapopiga anataka Agnesi awekwe kwenye simu amsikie anavyopumua, na wao humwambia amelala. Wamechoka kumwambia amelala.

Akasema, "Muzee, pale kwako bado kuna moto?"

Nimekuja nayo. Iko hapa mezani ninapoandika, imefika nusu. Ikijaa nampelekea.

Mudathir